Mpunga wa Mama Eliya Uliokataa Kuchanua

Vijana wengi mkija kwangu siku hizi mnaanza na simu. Kijana anafika barazani, hata kikombe cha chai hajakigusa, ananionyesha picha: "Bibi, hii rice yetu iko na shida gani? Imekataa kutoa." Naiangalia ile picha, naona majani ya kijani, basi. Namwuliza, shamba liko karibu na nini? Maji yamesimama tangu lini? Ulipanda mwezi gani? Hajui. Namwambia arudi akaangalie vizuri, na safari ijayo asiniletee picha, aniletee mzizi. Wengine hununa wakaenda zao. Wanaorudi na mzizi ndio ninaowaandikia haya.

Nilifanya kazi ya kilimo Garsen na vijiji vyake mpaka nikastaafu. Mimi ni mwanamke, nimezaa na nina wajukuu, lakini kazini niliitwa Bwana Shamba, kwa kuwa watu walikuwa wamelizoea jina hilo na hawakuona haja ya kulibadilisha kwa ajili yangu. Mzee mmoja wa Tarasaa alikuwa akimtambulisha mume wangu kwa wageni kama "mke wa Bwana Shamba". Mume wangu, Mungu amlaze pema, alicheka kila mara, na siku akitaka kunichokoza alijitambulisha hivyo mwenyewe.

Jambo la kwanza mlijue ni kwamba mpunga ni nyasi. Mahindi ni nyasi, mtama ni nyasi, muwa ni nyasi, na ile wanayokula ng'ombe nyikani ni nyasi pia. Zote ni ukoo mmoja. Haya nilifundishwa chuoni, lakini aliyeyakaza kichwani mwangu ni Mzee Godana, mfugaji wa Kiorma ambaye ng'ombe wake walishuka kunywa maji karibu na kijiji cha Hewani kila kiangazi. Siku moja alisimama ukingoni mwa shamba akatutazama tukiparura matope, akasema, "Mpunga ni nyasi napata kiburi. Nyasi ingine naota peke yake. Hii nataka kuoshwa miguu kila siku." Nilicheka sana, kisha nikakiri kwamba kwa mtu asiyelima maneno yale yalikuwa kweli tupu.

Miguu ya mpunga huoshwa, sawa, lakini nayo inahitaji hewa. Hili nalo lina mwalimu wake. Nilipoanza kazi nilikabidhiwa kwa Mzee Shee, mtu wa Kipini, mtunza vitalu wa shamba dogo la majaribio ambalo siku hizi limeota miti ya mathenge. Alikuwa mwembamba, mkali, na alichukia sana mtu kusimama shambani na viatu. Wiki yangu ya kwanza aliniita kwa Kiswahili cha kwao, wanakosema "ndoo" kwa "njoo": "Ndoo hapa." Akakata bua la mpunga, akaliinamisha ncha moja ndani ya sufuria ya maji, ncha ya pili akanitia mdomoni. "Puliza." Nikapuliza. Maji yakatoa mapovu. "Umeona? Bua ni mrija. Mpunga huvuta pumzi yuu ukapeleka tini, kwenye mizizi. Ukiuzamisha wote, na mrija umezama. Utapumulia wapi?"

Tangu siku hiyo nikaanza kuchungulia mizizi. Ng'oa mpunga, osha tope, angalia rangi. Mzizi mpya ni mweupe. Mzizi wenye kutu kama msumari wa zamani ni mzima, usiuogope. Ile kutu ni alama kwamba hewa inafika mpaka chini na kuvuja kwenye tope. Mzizi mweusi unaonuka yai bovu, huo umekosa pumzi. Mpunga wa namna hiyo hukaa tu, na ukija kutoa suke hutoa kwa kuchelewa, tena mengi ni mapepe matupu. Dawa yake si mbolea. Dawa yake ni kutoboa tuta, kuyaacha maji yatoke, na kungoja mpaka tope lianze kufanya nyufa ndogo ndogo, ndipo urudishe maji. Wenzetu wa Kau hawana taabu hii, maana kwao bahari ikijaa huusukuma mto ukapanda shambani, na ikitoka maji yanashuka nayo. Mpunga wao unaoga na kupumua bila mtu kushika jembe.

Mbegu nayo hupumua, ingawa ukiitazama unaidhania kokoto. Mwalimu mmoja kijana wa Tarasaa alikuwa na haraka ya kupanda. Aliniuliza mbegu inalowekwa vipi, nikamweleza: iloweke usiku kucha, mwaga maji, ifunike kwa gunia bichi, uwe unaigeuza. Yeye akaona gunia ni ushamba. Akajaza mbegu na maji kwenye mtungi wa plastiki, akakaza kifuniko, akauweka juani wiki nzima. Siku ya kufungua aliniita na majirani tushuhudie. Harufu iliyotoka ilikuwa ya tembo la mnazi lililolala, na mzee mmoja aliyekuwa akipita akauliza kama kuna sherehe. Mbegu ikikosa hewa huchacha. Zile chache zilizokuwa hai zilitoa kijani chembamba kwenda juu, mzizi hakuna. Yule mwalimu alikuwa mtu wa utani, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuishangaa mbegu yake iliyolewa.

Lakini somo la Mzee Shee nililochelewa kulielewa lilikuwa la debe. Alikuwa na debe kuukuu la mafuta ya kupikia, limekatwa upande mmoja. Kila alasiri, jua lingali juu, alilifunika juu ya shina moja la mpunga, shina lile lile, na asubuhi jua likishapanda alilifunua. Mimi nilidhani anakinga panya. Baada ya wiki kadhaa shina lile likachomoza suke, na wenzake waliolizunguka, waliopandwa siku moja nalo, wangali majani matupu. Nikamwuliza amelipa dawa gani.

"Nimelipa kiza," akasema. "Mpunga wetu wa kienyeji hauhisabu umri, mwanangu, na mtana hauhisabu. Huhisabu kiza. Kiza kikiwa kirefu cha kutosha, tena kisikatwe, ndipo huona wakati umefika wa kuzaa."

Sasa mtaniambia, Bibi, sisi tuko karibu na ikweta, usiku wetu haubadiliki. Hubadilika. Mchana wa Desemba na mchana wa Juni, hapa Garsen, hupishana kama robo saa hivi. Binadamu haioni robo saa. Anaipoteza akitafuta kiatu. Mpunga wa kienyeji unaiona. Ndiyo maana wazee wetu walipanda mapema au wakachelewa, na bado suke zilitoka karibu pamoja, usiku ulipokuwa mrefu. Hizi mbegu fupi mnazonunua siku hizi hazijali giza, huhesabu umri wake tu zikatoa. Ni nzuri, sizisemi vibaya. Lakini mafuriko yakija huzama mpaka mrija wa juu, na hapo ndipo mnaponikumbuka.

Na sasa nifike kwa Mama Eliya, maana bila yeye hayo yote ni maneno ya darasani.

Mwaka wa El Nino mto ulikuja ukakaa. Nimeyaona mafuriko mengi, na Mpokomo, mkulima wa kando ya mto, hamwogopi Tana. Lakini yale yalikataa kuondoka. Maghala yalizama na mbegu ikaozea ndani. Hewani walikuwa na mpunga wao wa zamani, Shingo ya Korongo, mrefu, suke lake likiiva huinama kama ndege huyo anayetazama samaki. Ulikuwa mpunga unaoweza kusimama kwenye maji marefu. Maji yalipoanza kupungua, watu walikwenda nyumba kwa nyumba wakiulizana mbegu, na haikupatikana, ila kwa Mama Eliya. Yeye alifuata mtindo wa mama yake, wa kufunga suke za mbegu na kuzitundika juu ya moshi wa jiko. Siku walipohama kwa mtumbwi aliacha kitanda na kabati, akalibeba kichwani lile fungu lililojaa masizi. Mumewe alikuwa ameshafariki, na mwanawe Eliya alikuwa Mombasa akitafuta kazi.

Basi mbegu yote ya Shingo ya Korongo iliyobaki Hewani ilipandwa kwenye kipande kimoja cha Mama Eliya, masika yalipoanza mwaka uliofuata. Kipande chenyewe ungekivuka kabla hujamaliza kumsalimu mtu wa upande wa pili. Ukizaa, kila nyumba itapata mbegu. Usipozaa, umekwisha.

Kulikuwa na mambo mawili ya kuogopa. La kwanza lilikuwa kiboko. Mafuriko yaliwatoa viboko mtoni wakazoea kuzurura, na kiboko mmoja hukimaliza kipande kama kile kwa usiku mmoja. Kwa hiyo wazee wa kanisa wakakubali kumwazima Mama Eliya karabai ya kanisa, ile ya mikesha, na waumini wakachanga mafuta ya taa. Katikati ya shamba kulikuwa na dungu la kuamia ndege, lenye ukuta wa makuti upande wa mtoni. Mbele ya dungu wakasimika nguzo, karabai ikatundikwa juu, ikawa inawashwa kila jioni mpaka mafuta yaishe. Kiboko hapendi mwanga mkali. Watu wakafurahi.

La pili lilikuwa malka. Malka, kwa asiyejua, ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni, na kipande cha Mama Eliya kilikuwa kimegusana nayo. Kwa desturi yetu mkulima huvuna kwanza, kisha mfugaji hushusha ng'ombe kiangazi kikishika, na ng'ombe hula mabua na kuacha samadi. Kila mmoja humjulisha mwenzake. Mzee Godana alikuja mapema, akaketi na Mama Eliya, wakakubaliana: hatashusha ng'ombe mpaka mama avune, na mabua yote yatakuwa ya mzee. Mimi nilikuwepo. Hawakuandikiana, walipeana mikono tu.

Mpunga ukaota vizuri. Ukakua na kutanuka, ukawa kijani cha kupendeza, na hapo ukasimama. Mwezi wa sita ukapita, wakati ambao Shingo ya Korongo hubeba mimba. Haukubeba. Mama Eliya akatuma watu waniite.

Nilikwenda na baiskeli yangu, nikavua viatu kama nilivyofunzwa, nikang'oa shina. Mizizi ilikuwa myeusi nusu, na tope lilinuka. Nikasema nimeshapata: maji ya mafuriko yamekaa mno, mpunga umekosa pumzi. Tukatoboa tuta na kuyatoa maji, tukaliacha tope lipasuke, tukarudisha maji. Niliporudi tena mizizi mipya myeupe ilikuwa imetoka, na ile ya zamani imeshika kutu. Mpunga ulikuwa umezidi kupendeza. Suke, hakuna.

"Bwana Shamba," Mama Eliya akaniambia, "mgonjwa wako amenenepa lakini hajapona."

Nilirudi Garsen nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kumwangukia.

Siku nilipokwenda tena, Mzee Godana alikuwa pale. Mvua ilikuwa imekata, mabwawa ya nyikani yamekauka, na mifugo ilikuwa inatazama mto. Alikuwa amesimama kwenye malka, fimbo mabegani, na Mama Eliya amesimama ndani ya shamba lake, na sauti zilikuwa juu.

"Mama Eliya, mimi nalinda neno," alikuwa anasema. "Lakini hii mpunga yako hapana linda neno. Mimi nangoja. Ng'ombe hangoji."

"Sasa niufanye nini? Niuvute masuke kwa mkono?"

"Sijui. Wewe ndio jua mpunga."

"Ukishusha ng'ombe sasa, mbegu ya Hewani yote imekwisha. Unajua hivyo?"

"Najua. Ndio maana nasimama hapa, siji na ng'ombe."

Mama Eliya akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilijua si kwa moshi. Alisema, "Nimeubeba kichwani kwenye maji. Nimeacha kitanda cha ndoa yangu. Kama hautazaa, niambie leo, nijue." Nilitamani kumwambia utazaa. Kazi yetu haituruhusu kusema tusilolijua, na siku ile niliichukia kazi hiyo.

Mzee Godana akageukia dungu. Alinyoosha fimbo. "Lakini ile ya nyuma nazaa. Kwa nini ile moja nazaa, ingine nakataa?"

"Hizo ni suke chache tu nyuma ya dungu," Mama Eliya akasema. "Ndege wameshazimaliza. Nilidhani ni mbegu ngeni imechanganyika."

Nikapanda juu ya dungu. Ukiwa chini ndani ya mpunga huoni kitu. Ukiwa juu unaliona shamba zima. Nyuma ya ukuta wa makuti, kuelekea mtoni, kulikuwa na ukanda wa mpunga uliotoa suke, umenyooka, kingo zake mbili zimekatwa kama kwa kisu. Mbegu iliyochanganyika haioti kwa mstari. Nikaufuata ule ukanda kwa macho mpaka ulipoanzia, ukanileta kwenye makuti, na mbele ya makuti kulikuwa na nguzo, na juu ya nguzo karabai ya kanisa. Sehemu yote iliyopata mwanga wake ilikuwa kijani. Sehemu iliyofichwa na kivuli cha ukuta ilikuwa imechanua. Nikalikumbuka debe la Mzee Shee. Nilishuka mbio.

Niliwaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Mpunga huu huhesabu giza. Tumeuwashia taa kila usiku, kwa hiyo kwake usiku mrefu haujafika hata mara moja. Bado unangoja. Na tulikuwa mwezi wa saba. Usiku wa Juni umeshapita na mchana umeanza kurudi polepole. Tukizima taa sasa huenda ukazaa. Tukichelewa, utaendelea kungoja mpaka mwaka mwingine.

"Na kiboko?" Mama Eliya akauliza.

Kiboko alikuwa bado yupo. Kwa taa mpunga hauzai, na bila taa unaliwa.

Mama Eliya akakaa kwenye tuta, miguu ndani ya maji. Kisha akasema neno ambalo kanisani hakulisema, na mimi hakuwahi kuniambia. "Taa haikuwa ya kiboko peke yake. Mzee Godana, nisamehe. Niliiomba niwaone na ng'ombe wako pia. Tulipeana mkono, lakini nilikuwa siwezi kulala."

Nilitazama chini. Kwa watu wetu, neno kama hilo kati ya mkulima na mfugaji lingeweza kuharibu mengi kuliko kiboko. Mzee Godana aliishusha fimbo mabegani, akaichomeka kwenye tope, akaiegemea.

"Mimi pia silali," akasema. "Naona taa yako toka mbali. Nasema, huyu mama naniogopa." Akainyooshea karabai mkono. "Zima taa. Kiboko mimi najua. Boma ya ng'ombe haina taa, na mnyama haingii."

Hivyo ndivyo lilivyofanyika jambo ambalo wengi Hewani hawakuliamini mpaka walipoliona: Waorma wakijenga boma la miiba kuzunguka mpunga wa Mpokomo. Walikata miiba kama wanavyokatia zizi, wakaipanga matawi nje, vigogo ndani. Walileta samadi kavu, wakaichoma upande wa mtoni jioni, moshi mzito usio na ndimi za moto, maana niliwasihi pasiwe na mwanga. Wanawe Mzee Godana walilala pale kwa zamu na mbwa wao. Kijijini watu wa kanisa waliuliza mbona mmewapa fisi kulinda bucha. Mama Eliya akawajibu kwamba taa yao iko kwenye kabati la kanisa, wakaiangalie kama imepungua.

Na ng'ombe? Mzee Godana aliwapeleka malka ya chini, safari ya siku nzima, ambako njia ilikuwa wazi. Alisema ni karibu tu.

Ulichukua kama mwezi. Kila nilipokwenda nilichana bua moja kwa wembe kuchungulia ndani, na siku moja nikakikuta kile kisuke kichanga, cheupe, kidogo kuliko ukucha. Nilimwonyesha Mama Eliya kiganjani. Alikichukua akakitia mdomoni akakitafuna. Nilimwambia amekula mbegu ya Hewani. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Vijana, kama hamjawahi, nendeni mkautazame mpunga ukichanua. Msiende alfajiri na msiende jioni. Nendeni jua likishapanda, umande umekauka. Makapi madogo hufunguka, vijinyuzi vyeupe vinaning'inia nje, upepo mdogo ukipita vumbi lake linatoka, na kabla ya adhuhuri yamefunga. Saa hizo usipite ndani ya shamba, usipulize dawa, usimwache mtoto akimbie humo. Ni saa chache tu ambazo nyasi hii yenye kiburi inahitaji kuachwa peke yake. Tulisimama kwenye tuta sote watatu tukitazama. Mzee Godana alisema nyasi za nyikani pia hufanya hivyo, na kwamba hakudhani wakulima wanajua.

Siku hizi hapa kwetu umeme umefika, na kanisa limeweka taa kubwa ya ulinzi inayoangaza mpaka shambani kwangu. Nimewaomba vijana wa kanisa waizime usiku wakati wa kubeba mimba. Mwanzoni walidhani nimezeeka. Nikawapeleka ukutani, nikawaonyesha mpunga ulio kwenye kivuli na ulio kwenye mwanga, wakajionea. Sasa wanaizima wenyewe, na mbegu hiyo hiyo ya Shingo ya Korongo inatundikwa juu ya moshi wangu.

Lakini bado sijawaambia siku ya kuvuna.

Tulivuna suke moja moja kwa visu vidogo, kina mama wa Hewani wote, na kila nyumba iliondoka na fungu lake. Kulipobaki mabua matupu, Mama Eliya akatuma habari kwa Mzee Godana ashushe ng'ombe. Walikuja adhuhuri. Tuliwajua wale ng'ombe. Kila kiangazi aliyetangulia alikuwa jike mweupe mwenye pembe moja iliyopinda, ambaye Mzee Godana alikuwa akimwimbia. Siku ile alitangulia mwingine, mwekundu.

"Yule mweupe yuko wapi?" Mama Eliya akauliza.

"Hayuko."

"Umemwuza?"

Mzee Godana akatikisa kichwa. Alieleza kwa maneno machache. Malka ya chini tope lake lilikuwa bado laini kwa ajili ya mafuriko. Yule jike alitangulia kama desturi yake, akazama, wakamvuta kwa kamba tangu asubuhi mpaka jua likakaribia kutua, akafia pale. Ilikuwa wiki ile ile tuliyosimama tukiutazama mpunga ukichanua.

"Na ulisimama hapa na sisi," Mama Eliya akasema. "Kwa nini hukusema?"

"Kama nasema, wewe nakata mpunga bichi."

Mama Eliya alifunika mdomo kwa kanga. Kisha akaenda mwenyewe kwenye boma la miiba, akaanza kuvuta matawi kwa mikono mitupu kufungua njia. Wanawe Mzee Godana wakakimbia kumsaidia, akawakataza. Alipomaliza viganja vyake vilikuwa vinatoka damu. Akaonyesha katikati ya shamba, penye nguzo isiyo na taa, ambako mpunga ulikuwa umekaa majani kwa muda mrefu zaidi na mabua yake yalikuwa marefu na manene kuliko mengine yote.

"Waingie," akasema. "Waanzie pale."